Kilichobaki ni Kitovu

Ioelu alianza kutetemeka siku ya tisa, kukiwa kumebaki tumbo na kitovu. Mgongo ulikuwa tayari. Makalio tayari. Mapaja yote mawili yalikuwa yamejaa wino mpaka chini ya magoti. Aliyefika hapo haachi. Katika kijiji cha Matautolo, na katika kisiwa kizima cha Savai'i, mwanamume akianza kuchorwa pe'a, tatuu ya wanaume ya kutoka kiunoni mpaka magotini, halafu akaiacha njiani, heri asingeianza. Ngozi tupu haimdai mtu kitu. Ngozi iliyochorwa nusu itamcheka mpaka kaburini, kisha itahamia kwa watoto wake.

Mkewe Telesia ndiye aliyeuona mtetemo ule. Alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa nyumba, nje ya safu ya nguzo, akisukuma ndani sinia la magimbi na nyama ya kopo. Ioelu alikuwa amelala chali mikekani. Wasaidizi wawili walimvuta ngozi ya nyonga, na Fundi Lesa alikuwa akigonga kitana chake chenye meno kwa kijiti, tak-tak-tak, bila haraka. Jua la saa sita lilikuwa kali, na ndugu waliozunguka walipepea kwa makuti ya minazi. Lakini vinyweleo vya mikono ya Ioelu vilikuwa vimesimama kama vya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na taya lilikuwa linagonga.

"Unakodoa nini?" Shangazi Lupe alimuuliza. Huyu alikuwa dada wa baba yake Ioelu, na hakuna kilichopikwa, kufumwa wala kutolewa katika nyumba ile bila yeye kuamua. "Hujawahi kumwona mumeo bila shati? Weka sinia, nenda. Moshi unakuita."

Wanawake wakacheka. Telesia akaweka sinia, akaenda.

Alikuwa mke wa kuja. Miaka kumi na mmoja na watoto wawili, bado mke wa kuja. Mke wa kuja hupika, hufua, huchuma majani, hulala wa mwisho, na neno lake huishia jikoni. Hiyo haikuwa siri wala ukatili wa mtu mmoja. Ndivyo ilivyokuwa, na mama yake mwenyewe alimwambia hivyo siku ya kumtoa.

Saa kumi jioni, fundi alipokwisha kufunga vifaa vyake, Telesia alimkuta mumewe nyuma ya nyumba akivaa shati jeupe la kazi.

"Unakwenda tena?"

"Zamu."

"Ioelu, na mapaja hayo?"

"Wodi ina nesi mmoja, Tele. Nesi mmoja kwa vitanda kumi na vinne. Bibi Meleane atafungwa mguu na nani?"

"Mguu wa Bibi Meleane umeoza tangu Krismasi. Hata usipokwenda utaoza tu."

"Hapo ndipo unapokosea." Alikuwa anafunga vifungo kwa vidole visivyotulia, lakini macho yamemng'aa. "Jana nimeona nyama mpya pembeni ya kidonda. Nyekundu! Daktari alishasema ukatwe, mimi nikamwambia nipe mwezi. Nipe mwezi tu. Kisukari kina ujanja, lakini na mimi nina mkono."

Telesia aliyajua macho yale. Yalitokea alipozungumza juu ya vidonda vya watu, hakuna pengine. Kwenye mkeka wa fundi, siku tisa zote, mumewe alikuwa na macho ya mtu anayesubiri kuitwa kwa jina ambalo si lake.

"Basi acha moja," alimwambia. "Acha kazi wiki mbili, au acha tatuu. Mshika mawili moja humponyoka. Na unajua huruhusiwi kutoka peke yako."

Ilikuwa kweli, hakuruhusiwa. Mtu aliye kwenye pe'a hatembei peke yake na hafanyi kazi. Husindikizwa hata chooni. Ndugu zake humkanda baharini mara tatu kwa siku ili damu na maji ya vidonda yatoke. Wazee husema pepo hupenda damu mbichi. Ioelu, kwa elimu yake ya uuguzi, aliuita ushirikina, na kila jioni kwa siku tisa alitembea peke yake nusu saa kwenda kuinamia mguu wa bibi kizee uliojaa usaha. Pepo huenda hawapo. Lakini sheria ile, pamoja na pepo wake, ilikuwa imewaweka watu wenye vidonda mbali na vidonda vya wenzao kwa miaka mingi sana, na yeye hakuliona hilo.

"Baba alinipigia magoti," Ioelu alisema. "Unajua maana yake? Mzee Lautua, chifu, alipiga magoti mbele ya mwanawe. Akaniambia, nataka niione imekamilika kwenye mwili wa mwanangu, nikupe cheo changu, halafu nife. Ungemjibu nini?"

"Ningemjibu mimi ni nesi, sitaki cheo."

"Nilimjibu hivyo."

"Akasema?"

"Akasema kufuta watu mavi si jina la mtu."

Akavaa kandambili, akaondoka akitembea kwa kutanua miguu, kama mtoto aliyejikojolea. Telesia alibaki akimwangalia mpaka kona ya kanisa.

Kila mtu Matautolo alijua kwa nini Mzee Lautua hakuoga na wanaume wenzake bwawani. Alijua fundi wa zamani, walijua wavulana waliomshika miguu wakati ule, sasa wazee. Tatuu ya mzee iliishia paja la kwanza. Hakuna aliyelisema. Miaka arobaini na minane watu walikula naye, wakabishana naye barazani, wakaomba naye kanisani, na hakuna hata mlevi aliyewahi kuteleza ulimi.

*

Asubuhi ya siku ya kumi walikwenda kumkanda baharini. Pulotu, binamu yake, alikuwa naye majini. Pe'a huchorwa wawili wawili, na Pulotu ndiye aliyekubali kuwa mwenzake: huyu akichorwa asubuhi, yule mchana, maumivu yagawanywe. Pulotu alikuwa mtu wa mizaha tangu utoto.

"Binamu, makalio yako yamependeza kuliko sura yako. Ukiingia kanisani, ingia kinyumenyume."

Ioelu alitabasamu upande mmoja.

"Cheka bwana, kesho tunamaliza. Leo tumbo, kesho kitovu, tunapasuliwa yai kichwani, tunakula nguruwe. Halafu unakuwa chifu, mimi nakuomba sigara." Pulotu akamsogelea amkande paja la kushoto, akasita. Akanusa mkono wake. "We. Mbona unanuka kama chambo cha jana?"

Akacheka mwenyewe. Hakuna aliyemfuata. Pulotu akamtazama Telesia, kisha akajifanya kuosha uso.

Telesia aliinama. Nyuma ya paja, mahali ambapo mistari ya wino iliacha ngozi wazi, ngozi ile ilikuwa imevutika na kung'aa, na rangi yake imekuwa ya zambarau. Aliigusa kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa moto kama shelisheli lililotoka kwenye mawe. Alipobonyeza, Ioelu aliuma ncha ya shuka.

"Ni uvimbe wa kawaida."

"Mgonjwa wako wodini ungemwambia hivyo?"

Ioelu alijifunga shuka upya.

"Ungemwambia nini, Ioelu?"

"Ningemuuliza imeanza lini."

"Imeanza lini?"

"Juzi usiku."

Waliporudi nyumbani alichukua shati lake jeupe alifue, akakuta mfukoni pakiti za vidonge. Za homa na za kuua vijidudu. Pakiti moja ilikuwa tupu kabisa, nyingine imebaki na vidonge vitatu. Alimfuata alikokaa nyuma ya tangi la maji, akamfungulia kiganja.

"Unameza hivi ili iweje?"

"Ili fundi asihisi joto."

"Akikuuliza kama una homa?"

"Nasema sina." Hakumwangalia. "Kesho tu, Tele. Kesho kitovu, halafu nashuka pale pale kwenye mkeka naenda hospitali. Naapa kwa watoto."

"Usiape kwa watoto. Ungewaona watu wanaoleta mgonjwa amechelewa, unavyowasema! Unarudi hapa umenuna siku nzima."

"Najua ninavyowasema."

"Sasa?"

"Sasa baba yangu ana miaka sabini."

Kutoka nyumba kubwa waliita jina lake. Fundi amefika. Ioelu aliinuka kwa kushika tangi, akameza vidonge vitatu vilivyobaki bila maji.

Telesia alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi Lupe. Alimkuta chumba cha nyuma, amezungukwa na mikeka ya heshima, ile laini kama kitambaa ambayo mwanamke hufuma mwaka mzima. Ishirini, imekunjwa tayari kwa malipo ya fundi na sherehe ya cheo. Telesia alikaa chini mlangoni, akaikunja miguu yake inavyotakiwa.

"Shangazi, naomba kusema neno."

"Maharage yameiva?"

"Ioelu ana homa. Paja lake limeharibika. Linanuka."

Shangazi Lupe alilamba kidole, akaendelea kukagua pindo la mkeka. "Kila mwanamume ana homa kwenye pe'a. Homa ndiyo bei yake. Ulidhani wanapakwa rangi ya mlango?"

"Mwenyewe anajua, Shangazi. Yeye ni nesi, anaficha kwa…"

"Umemaliza?"

"Bado, Shangazi, kwa sababu…"

"Sikiliza, binti wa watu. Fundi amekula hapa siku kumi. Machifu wanane wamealikwa. Mchungaji ameandaa hotuba. Nguruwe tisa wamefungwa miguu pale nje, unawasikia. Unataka mtoto wa kaka yangu aitwe nusu? Na wewe, uliyeletwa hapa na sanduku la bati, ndiye uende mbele ya wanaume ukatangaze?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulipoingia mlango huu ulijua unaingia wapi. Nenda kaangalie maharage."

Telesia alikaa kidogo zaidi ya ilivyokuwa adabu. Halafu akainama, akarudi kinyumenyume mpaka nje, akaenda jikoni.

Alifanya kazi mpaka giza. Tak-tak-tak ilimfikia pale kwenye moshi, na kila ilipokatika alisimamisha kisu na kusikiliza, mpaka ianze tena.

*

Siku ya kumi na moja nyumba ilijaa. Mzee Lautua alikaa kwenye nguzo yake, shati jipya la maua, mikono juu ya magoti. Machifu wanane kila mmoja kwenye nguzo yake. Mayai yalikuwa kwenye bakuli, mafuta ya nazi yenye manjano kwenye bakuli jingine. Pulotu alikuwa ameshachorwa kitovu alfajiri na ameketi pembeni, amevimba, anajisikia mfalme.

Ioelu alilala chali. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Fundi Lesa aliweka kiganja juu ya tumbo lake ili apime mahali pa kuanzia, na kiganja kikabaki pale.

"Una homa."

"Sina."

"Kijana, nashika ngozi za watu mwaka wa thelathini huu. Una homa." Akavuta pumzi kwa pua. "Geuka. Nione mapaja."

Ioelu hakugeuka. Alimtazama baba yake.

"Fundi," Mzee Lautua alisema, "kimebaki kitovu. Eneo kama kiganja cha mtoto. Nusu saa."

"Mimi kazi yangu ngozi, mheshimiwa. Hii ikiharibika haitakuwa ngozi tena."

"Nitaongeza mikeka mitano."

"Sijaomba mikeka." Fundi aliweka kitana chake chini, juu ya kitambaa, akakilaza vizuri. "Mimi nikisema niache, itasemwa fundi alimkatia mtu njiani. Sitaki neno hilo. Mwenye mwili aseme. Nichore au niache?"

Watu wote walimgeukia Ioelu. Jasho lilikuwa limemtoka mdomo wa juu. Nje nguruwe mmoja alilia, akanyamaza.

"Chora," Ioelu alisema.

Fundi hakukiokota kitana. Alingoja, labda asikie tena, labda asisikie.

Telesia alikuwa ukingoni, na birika la kakao mkononi. Aliliweka chini. Akapanda ndani ya nyumba, akasimama wima katikati ya wanaume walioketi, jambo ambalo hata mtoto wa miaka mitatu kule hufinywa akilifanya.

"Asichore."

"Kaa chini!" Shangazi Lupe alitoa sauti kama ya kufukuza mbwa. "Umesimama mbele ya machifu, mwendawazimu wewe!"

"Paja lake limeoza, Fundi. Anameza vidonge usijue. Asichore."

"Telesia." Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Lautua. "Rudi ulikotoka. Mwanangu amesema mwenyewe."

"Amesema kwa ajili yako, Baba." Alijua akinyamaza hata kwa pumzi mbili hatasema tena. "Wewe uliishia paja la kwanza. Miaka arobaini na minane iliyopita. Na uko hai. Ulioa, ukamzaa huyu, ukawa chifu, ukaketi hapo. Mwache na yeye aishie alipofika, awe hai."

Makuti yaliacha kupepea. Chifu mmoja aliinamisha kichwa, mwingine akatazama paa. Pulotu alifunga macho kabisa. Mzee Lautua hakupiga kelele. Alishika ncha ya shati lake, akalivuta chini kiunoni, ingawa lilikuwa tayari limefunika.

"Mtoeni huyu mwanamke," alisema polepole. "Na vitu vyake. Leo."

Shangazi Lupe alikuwa ameshainuka. Lakini Ioelu alijipindua ubavu, akaweka kiwiko chini, akajaribu kujiinua, akashindwa. Hapo ndipo wote waliliona paja kwa nyuma. Weusi ulikuwa umekwenda mahali ambapo fundi hakuwahi kupitisha wino.

"Nishike, Tele. Siwezi kusimama." Akamgeukia binamu yake. "Pulotu, piga simu wodini. Waambie mgonjwa wa kiume, miaka thelathini na sita. Paja la kushoto, siku ya nne leo. Homa, ngozi imekufa, inapanda kuelekea nyonga. Waambie wasinilaze hapa wilayani, watanipotezea muda. Feri ya saa sita, moja kwa moja hospitali kuu ya Apia. Umeelewa? Rudia."

Pulotu alirudia, neno kwa neno, analia.

"Vizuri," Ioelu alisema. Kwa siku kumi na moja watu wa nyumba ile walikuwa hawajaisikia sauti hiyo. Ilikuwa tulivu, ya mtu aliye kazini. "Fundi, ahsante. Kazi yako haina kosa. Baba, mimi ni nesi."

Baba yake alikuwa anatazama mlima.

Walimbeba kwenye mkeka, Pulotu na wasaidizi wawili wa fundi. Machifu walisogeza miguu kuwapisha. Telesia alitembea pembeni ameshika kichwa chake, na nyuma yao walimsikia Shangazi Lupe akiwaambia wasichana waanze kupasua mayai yale wayakaange, yasiharibike.

*

Yaliyolipwa ni haya.

Mguu wa kushoto, umekatwa upana wa mkono mmoja juu ya goti. Mchoro wa upande ule unaishia hewani. Upasuaji mara tatu, siku arobaini na nne za kitanda.

Nguruwe tisa walichinjwa hivyo hivyo, maana wageni walikuwa wamefika. Fundi Lesa alichukua mikeka minane kwa kazi aliyoifanya, akarudisha kumi na miwili, na hajakanyaga tena Matautolo. Cheo alipewa Pulotu mwezi wa tatu. Hakufanya mzaha siku ile, wala watu hawamsikii akifanya sana siku hizi.

Bibi Meleane alikaa siku tano bila kubadilishwa kitambaa. Nesi aliyebaki alikuwa mmoja. Bibi alikufa wiki ya pili, Ioelu akiwa bado hajitambui, na Telesia alikaa mwezi mzima bila kumwambia.

Wodini walimrudisha Ioelu baada ya miezi tisa. Anakaa kwenye stuli yenye magurudumu, anafunga miguu ya watu. Ni hodari. Watu wanakuja kwa basi kutoka upande wa pili wa kisiwa kumfuata yeye tu. Mzee Lautua ana kidonda kwenye kisigino tangu mwaka jana. Anapelekwa hospitali nyingine, mbali mara mbili.

Nyumba ya Lautua imefungwa kwao. Wanaishi kwa wazazi wa Telesia, chumba kimoja, wanne. Mtoto mkubwa shuleni wanamwita Nusu.

Na kuna siku moja. Daktari wa Apia aliitaja kwa upole, hakujua anamwambia nani: mngemleta jana yake, mguu tungeuokoa. Jana yake ilikuwa siku ya kumi. Telesia aliihesabu akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali, kitu kwa kitu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Sufuria mbili za maharage. Magimbi sabini. Shelisheli kumi na nane. Nazi arobaini na mbili, zote alizikuna yeye, tangu alipotoka kwa Shangazi Lupe mpaka giza lilipoingia, na hakusema neno.